Kutoka Stoo Hadi Kileleni: Mwongozo kwa Klabu za Wafanyakazi Wapandao Milima

1. Mwongozo huu ni wa nani

Mwongozo huu umeandikwa kwa viongozi na wanachama wa klabu za matembezi na upandaji milima zilizoundwa na watu wa kazi: walimu, wauguzi, makarani, mafundi, wanachama wa SACCO moja au wafanyakazi wa ofisi moja. Watu hawa wana wikendi chache za kujinafasi, likizo ya kuombea ruhusa, mshahara wenye majukumu mengi, na vifaa vya pamoja vilivyonunuliwa kwa michango. Mtalii aliyelipa kampuni hupangiwa kila kitu. Klabu hujipangia yenyewe, na kosa la mpangaji humwangukia mwenzake anayemwamini.

Msingi wa yote yanayofuata ni mmoja: kupanga safari na kutunza vifaa ni kazi moja. Hema linalovuja usiku wa Ijumaa huko Aberdare liliharibikia stooni wiki nyingi kabla, likiwa limekunjwa bichi. Kwa sababu hiyo kiongozi wa safari na mtunza vifaa wapange pamoja tangu siku ya kwanza, na pasitangazwe safari yoyote kabla mtunza vifaa hajathibitisha kilichopo na kinachofanya kazi.

2. Kuchagua tarehe

Kalenda ya sikukuu na kalenda ya mvua hazipatani, na hapa ndipo klabu nyingi hujikwaa. Pasaka, yenye mapumziko marefu, huangukia Machi au Aprili, masika yanapoanza au kukolea. Nchini Tanzania, Siku ya Karume tarehe 7 Aprili na Siku ya Muungano tarehe 26 Aprili zimo mumo humo. Siku ya Mashujaa nchini Kenya, tarehe 20 Oktoba, hukaribisha vuli. Miezi ya kutegemewa milimani ni Januari na Februari, kisha Juni hadi Septemba. Madaraka tarehe 1 Juni, Saba Saba tarehe 7 Julai na Nane Nane tarehe 8 Agosti ziko pazuri zaidi.

Ratiba ya mwaka itolewe mapema, ikiwezekana Desemba, ili mwanachama aombe likizo kabla wenzake kazini hawajazijaza siku hizo. Sikukuu za masika zitumike kwa mafunzo ya huduma ya kwanza, ukaguzi wa vifaa na matembezi mafupi karibu na mji.

Hali ya hewa iangaliwe tena siku tatu kabla ya kuondoka, na isiangaliwe ya mahali mnakokwenda peke yake. Korongo la Ol Njorowa katika Hifadhi ya Hell's Gate limetufundisha hili kwa uchungu. Mnamo Aprili 2012 vijana wa kikundi cha kanisa walisombwa humo na mafuriko ya ghafla, na Septemba 2019 watu 7 wakapoteza maisha kwa namna hiyo hiyo. Maji ya korongoni yanaweza kutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali, huku juu ya kichwa chako mbingu ni nyeupe. Wingu zito likionekana upande wa chanzo, korongo halishukwi, hata kama watu wamelipa kiingilio.

3. Kuchagua mlima unaolingana na watu

Klabu ipange safari zake kwa ngazi tatu, na mwanachama apande ngazi moja baada ya nyingine.

Ngazi ya kwanza: matembezi ya siku moja kwenye vilima kama Ngong (mita 2,460) na Longonot (mita 2,776), au njia za Lushoto katika Usambara.

Ngazi ya pili: siku moja ngumu au usiku mmoja kambini. Mifano ni Elephant Hill (karibu mita 3,600) na Satima (mita 4,001), zote za Aberdare. Hapa kuna matope, ukungu, mianzi, na wanyama wakubwa kama nyati na tembo, hivyo kikundi kifuate maagizo ya walinzi wa hifadhi au msitu.

Ngazi ya tatu: safari za siku kadhaa. Hizi ni Mlima Meru wa Tanzania (mita 4,566), ambako mgeni husindikizwa na askari mwenye bunduki kwa ajili ya nyati. Kilele cha Lenana katika Mlima Kenya (mita 4,985). Na Kilimanjaro (mita 5,895).

Ngazi ya tatu ina sheria yake, nayo ni ya mwili. Ukishapita mita 3,000, pasiwe na tofauti ya zaidi ya mita 500 kati ya mahali ulipolala jana na utakapolala leo, na kila baada ya siku tatu au nne kuwe na usiku wa mapumziko pale pale. Tuipime kwa njia ya Sirimon. Kambi ya Old Moses iko mita 3,300, ya Shipton mita 4,200. Pengo ni mita 900, yaani karibu maradufu ya kiwango salama. Kwa hiyo safari ya kutoka Ijumaa jioni hadi Jumapili haitoshi kwa Lenana, hata kwa vijana wenye mapafu mazuri. Kikundi kiombe likizo ya siku mbili tatu zaidi, au kichague mlima mwingine. Waongoza wageni wa Kilimanjaro hawasemi «pole pole» kwa mazoea tu. Mwendo huo wa taratibu ndio kinga iliyo karibu zaidi.

Kila mwanachama ajue dalili. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula ni onyo: mtu asipande zaidi mpaka zipone. Kupumua kwa shida hata ukiwa umekaa, kikohozi chenye povu, kuyumba au kuchanganyikiwa ni hatari ya kifo. Njia rahisi ya kupima ni kumwambia mgonjwa atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, ashushwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na asishuke peke yake. Uamuzi huu haupigiwi kura.

4. Hesabu ya saa

Kiongozi asitangaze muda wa safari kwa kukisia. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda.

Tuchukue Longonot. Kutoka langoni hadi ukingoni, kuzunguka kreta yote na kurudi ni takriban kilomita 13, na kupanda hadi kileleni ni kama mita 600. Kilomita 13 ni saa mbili na dakika 36. Mita 600 ni saa moja. Jumla ni zaidi kidogo ya saa tatu na nusu kwa mtu mkakamavu asiyesimama. Klabu ina watu wa umri mbalimbali, ukingo wa kreta una panda-shuka nyingi, na jua la Bonde la Ufa halina huruma. Ongeza nusu ya muda huo, kisha mapumziko, utapata saa tano na nusu hadi sita. Hii ina maana ya kuanza kutembea saa moja asubuhi, kila mtu akiwa na lita tatu za maji, kwani njiani hakuna maji wala kivuli cha maana.

Kila safari iwe na saa ya kugeuka iliyotajwa hadharani kabla ya kuanza. Ikifika, kikundi kinageuka popote kilipo. Katika nchi zetu za ikweta jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, na giza huingia mara. Anayefika kileleni saa kumi jioni atashuka gizani.

5. Karatasi ya safari na mgawanyo wa kazi

Siku mbili kabla ya kuondoka, kiongozi ajaze karatasi moja na kumwachia mtu anayeaminika aliyebaki mjini. Iwe na:

• majina ya wanaosafiri na namba za simu za jamaa zao;
• njia itakayofuatwa na mahali pa kulala kila usiku;
• namba ya gari na simu ya dereva;
• saa ya kurejea inayotarajiwa, na saa ambayo ikipita bila habari, mtu huyo apige simu kwa hifadhi husika na namba ya dharura 112.

Mwenye pumu, kisukari, kifafa, ujauzito au dawa za kila siku amweleze kiongozi faraghani, na kiongozi aitunze siri hiyo.

Njiani kazi zigawanywe. Mmoja atangulie akiweka mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote. Mmoja afunge msafara, na asiachwe mtu nyuma yake kwa sababu yoyote. Mmoja abebe sanduku la huduma ya kwanza na ajue kulitumia. Watu wahesabiwe kila mapumziko na kila njia panda.

6. Fedha na usafiri

Michango ipitie akaunti au namba ya malipo ya klabu, kamwe isipitie simu ya mtu binafsi. Tarehe ya mwisho ya kulipa itajwe, na sheria ya kurejeshewa fedha iandikwe kabla ya mtu wa kwanza kujitoa. Katika kila mchango, kiasi maalumu kiende kwenye mfuko wa vifaa. Klabu isiyofanya hivyo hujikuta ikipitisha harambee kila hema linapochanika.

Lipieni viingilio kabla ya siku ya safari. Hifadhi za Kenya zilizo chini ya KWS hulipiwa kwa mfumo wa eCitizen, na Tanzania malipo ya TANAPA hutumia namba ya udhibiti. Kufika langoni na noti mkononi huchelewesha kikundi kizima.

Barabara huenda ikawa hatari kuliko mlima. Dereva aliyeshinda kazini Ijumaa nzima asiendeshe usiku kucha, na yule yule aliyepanda mlima Jumapili asikabidhiwe usukani jioni. Ni afadhali kukodi gari lenye dereva asiyepanda, alale wakati ninyi mnatembea. Safari ipangwe ili kila mtu awe nyumbani Jumapili kabla ya saa mbili usiku. Jumatatu kuna kazi.

Mkiajiri wapagazi, kumbukeni kwamba nao ni wafanyakazi. Kilimanjaro mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, nao upimwe. Klabu ya wafanyakazi isiyouliza mpagazi analipwa nini, anakula nini na analala wapi haistahili jina lake.

7. Mavazi na mizigo

Joto hupungua kwa nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Lenana iko juu ya Nairobi kwa zaidi ya mita 3,000, kwa hiyo tarajia baridi ya nyuzi 20 pungufu, kabla ya kuhesabu upepo. Suruali za jinzi na fulana za pamba zibaki nyumbani: pamba ikilowa hukaa na maji na kunyonya joto la mwili. Sweta la sufu au jaketi la flisi la mitumba hutosha, juu yake koti la mvua la kweli. Kofia, glavu na soksi kavu za kulalia ni lazima kwa ngazi ya pili na ya tatu.

Sheria za plastiki zizingatiwe wakati wa kufunga mizigo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja, zikiwemo chupa za maji, haziruhusiwi katika maeneo yaliyohifadhiwa ya Kenya. Klabu inunue mifuko isiyopenya maji ya kutumia miaka mingi, na kila mwanachama awe na chupa yake ngumu. Maji ya mto yachemshwe. Kwa kuwa juu milimani maji huchemka kwa joto dogo zaidi, yaache yatokote dakika tatu. Takataka zote zirudi mjini.

8. Utunzaji wa vifaa

Hema. Adui wa hema ni unyevu na jua. Kitambaa chake kimepakwa utando wa kuzuia maji, na hema likikunjwa bichi utando huo huoza: hunata mkononi, hutoa harufu ya uchachu, na hapo halitengenezeki tena. Kwa hiyo hema lianikwe ndani ya siku moja baada ya kurudi. Mwanachama anayeishi chumba kimoja ghorofani asikate tamaa; paa la jengo lenye kamba za nguo linatosha. Ligeuzwe ndani nje, likung'utwe, matope yafutwe kwa kitambaa chenye maji matupu, na liachwe kivulini penye upepo mpaka mishono yake, ambayo hukauka mwisho, iwe mikavu. Jua kali la siku nzima hudhoofisha nailoni. Sabuni ya unga na mashine ya kufulia haziruhusiwi. Zipu zisuguliwe kwa mswaki mkavu kuondoa vumbi, kisha zipakwe nta ya mshumaa. Fito zikunjwe kuanzia katikati, ili kamba ya mpira iliyo ndani isivutike upande mmoja. Vigingi vihesabiwe.

Mifuko ya kulalia. Huwekwa ikiwa imelegea, imetundikwa au ndani ya gunia kubwa la kitambaa. Ukiubana mfuko katika kifuko chake kidogo kwa miezi, ujazo wake hulala na hauinuki tena, na joto hupotea. Kila anayeuazima alete shuka lake la ndani.

Viatu. Wengi wetu hununua buti katika masoko ya mitumba ya Gikomba, Toi au Karume, na hakuna ubaya. Lakini buti la mtumba linahitaji macho makali. Ligeuze, ubonyeze kwa kidole gumba ile sponji iliyo kati ya soli ya chini na ngozi. Ikipasuka nyufa ndogo, ikimeguka kama kipande cha mkate mkavu, au ikibonyea bila kurudi, liache hapo hapo hata kama ngozi inang'aa. Sponji hiyo huliwa na unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita, hata kama kiatu hakikuvaliwa, na soli itabanduka yote kwa pamoja wakati wa kushuka. Likunje pia pua yake na uangalie kama gundi imeachia. Ukilipata zuri, livae kwanza mjini kwa wiki mbili. Baada ya kila safari toa matope, jaza magazeti ndani, kausha kivulini. Buti lililoanikwa kando ya moto hukakamaa ngozi na kuyeyuka gundi.

Majiko. Kabla ya safari, paka maji ya sabuni kwenye maungio ya jiko na mtungi wa gesi. Mapovu yakivimba, jiko halisafiri. Jiko lolote, la gesi, mafuta ya taa au makaa, lisiwashwe wala kuingizwa ndani ya hema. Hewa ya sumu inayotoka haina harufu, na huua watu usingizini milimani kama inavyoua vyumbani mijini.

Tochi. Betri zitolewe kabla ya kuhifadhi, kwani zikivuja hula shaba ya ndani. Kila tochi isafiri na betri za akiba.

Kamba za kukwelea. Klabu inayomiliki kamba iwe na daftari lake la tarehe ya kutengenezwa na matumizi. Kamba haikanyagwi, haikai juani wala karibu na betri ya gari, kwa kuwa tindikali huila bila kuonekana. Kamba iliyogusa kemikali, iliyopata mshtuko mkubwa, au iliyofikisha miaka 10 hata bila kutumika, ikatwe vipande ili asiipande mtu.

Sanduku la huduma ya kwanza. Kilichotumika kirejeshwe wiki hiyo hiyo, na tarehe za dawa zisomwe kila robo mwaka.

9. Kuazima na kurejesha

Kila kifaa kiwe na namba iliyoandikwa kwa rangi isiyofutika, kwenye kifaa chenyewe na kwenye mfuko wake. Hema namba 3 likiwa na fito za namba 5, mtagundua kambini, mvua ikinyesha.

Daftari la vifaa liwe na safu tano: namba, jina la mwazimaji, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, na hali. Mwazimaji aweke amana. Kifaa kirudi si zaidi ya Jumatano baada ya safari, kikiwa kikavu na safi, na mtunza vifaa akifungue mbele ya aliyekileta. Anayesema ukweli kwamba kifaa kimeharibika asitozwe faini kwa uchakavu wa kawaida. Faini imngoje aliyeficha. Watu wakiogopa kusema, hema lenye tundu litarudi rafuni likiwa limekunjwa vizuri, na atakayelijua tundu hilo ni mwanachama mpya.

Matengenezo madogo yafanywe siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta: kiraka cha leo huokoa hema zima. Stoo iwe na sindano nene, uzi imara, gundi ya mishono, viraka vya nailoni na mkanda wa kunata.

10. Ukaguzi wa mwaka

Mara mbili kwa mwaka, Mei na Desemba, kabla ya miezi mikavu, klabu iitishe siku ya vifaa. Mahema yote yasimamishwe uwanjani na yamwagiwe maji kwa mpira, mtu akiwa ndani na chaki ya kuwekea alama panapovuja. Majiko yawashwe. Kisichotengenezeka kiondolewe stooni siku hiyo, kisirudishwe kwa huruma. Wanachama wapya wajifunzie hapo kusimamisha hema, mchana na watu wakiwa wametulia.

Baada ya kila safari, kiongozi aandike ukurasa mmoja: muda uliotumika hasa, hali ya njia, gharama, aliyeumwa, kilichoharibika. Kurasa hizo zikikusanyika kwa miaka, klabu inakuwa na mwongozo wake yenyewe, ulio bora kuliko huu.

Kama klabu yenu bado haina mtunza vifaa aliyechaguliwa, mchagueni katika mkutano ujao, mpeni ufunguo, daftari na fungu lake la fedha, na mumpe sauti ya kusema «safari hii haiendi» pale vifaa visipofaa. Kisha mheshimuni anaposema hivyo.